Maswali ya Wasomaji: Mkasi wa Moscow, Simu ya Mombasa

SWALI: Mimi ni mlezi wa klabu ya filamu katika shule moja ya sekondari. Tuna simu moja yenye kamera nzuri na wanafunzi 18. Nasikia Warusi wa zamani walifundisha sinema bila hata mkanda wa kupigia. Walifanyaje, na sisi tuanzie wapi? — Mwalimu, Kisauni

JIBU: Mwalimu, uliyoyasikia ni kweli. Chuo cha sinema cha serikali kilifunguliwa Moscow mwaka 1919, mwaka ule ule Lenin alipotia saini amri ya kuitaifisha sinema. Nchi ilikuwa vitani na mikanda mipya ilikuwa haipatikani. Lev Kuleshov, kijana wa miaka ishirini na kitu, akawaweka wanafunzi wake jukwaani waigize "filamu bila filamu": vipande vifupi vilivyopangwa shoti kwa shoti (shoti ni picha inayopigwa mfululizo bila kukatizwa). Pia alichukua mikanda ya zamani akaikata na kuiunga upya. Mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin alisimulia jinsi uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin ulivyoungwa na sahani ya supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mtoto anayecheza. Uso ni mmoja, lakini watazamaji wakausoma kwa namna tatu.

Anzeni hapo. Mchague mwanafunzi asiyependa kuigiza, maana apendaye kuigiza atakuharibia zoezi. Mkalishe kivulini karibu na dirisha, mwambie ahesabu kimoyomoyo kutoka 100 kurudi nyuma, na usimwambie anatazama nini. Simu iwe kwenye stendi, usawa wa macho yake, naye atazame kidogo kando ya lenzi. Rekodi sekunde 20. Kisha piga vitu vitatu: mbaazi na mahamri yanayofuka moshi, kitanda kilichotandikwa shuka jeupe na kofia ya mzee juu yake (jeneza la msikitini tuliheshimu, si kifaa cha mazoezi), na mtoto anayesukuma tairi. Unga hivi: uso sekunde 4, kitu sekunde 3, uso ule ule tena sekunde 4.

Gawa watazamaji makundi matatu, kila kundi lione toleo moja tu, na kila mmoja aandike neno moja kabla ya kusemezana na mwenzake. Wakiona yote matatu kwa mfululizo watautambua uso ni ule ule, na hapo huna zoezi tena.

Mambo mawili huharibu zaidi. La kwanza ni mwanga: uso wa kivulini na sahani ya jua la mchana haviwezi kukaa chumba kimoja, na jicho hulijua hilo hata kama mtazamaji hawezi kulieleza. Pigeni vyote kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, mwanga utokee upande mmoja. La pili ni macho: akitazama chini, basi sahani ipigwe kutoka juu. Tena, bonyeza skrini kwa muda mpaka mwanga ufungwe, la sivyo simu itaubadilisha yenyewe katikati ya shoti. Chini ya taa za tyubu, kwa kuwa umeme wetu ni hetzi 50, weka fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Ukiacha hivyo hivyo utapata mistari inayopanda na kushuka.

Likifaulu, fuateni zoezi la pili la Kuleshov. Alipiga mwanamke na mwanamume wakitembea sehemu mbalimbali za Moscow, wakakutana, wakatazama, na walichotazama kikawa Ikulu ya Marekani. Kwenu: msichana atembee Kongowea kuelekea kulia mwa picha, mvulana atembee Mama Ngina kuelekea kushoto, wakutane uwanjani mwa shule, watazame Ngome ya Yesu. Wote wakielekea upande mmoja, mtazamaji atadhani mmoja anamfukuza mwenzake.

SWALI: Kwa nini watu kwenye filamu hizo za zamani wanatembea mbiombio? — Msomaji, Changamwe

JIBU: Nyingi zilipigwa kwa kamera ya kuzungushwa kwa mkono, kiasi cha fremu 16 hadi 20 kwa sekunde. Iliyopigwa kwa 18 ikichezwa kwa 24 huzidi kasi kwa theluthi moja. Punguza kasi ya kichezeshi hadi 0.75 na uzime muziki. Lakini nakala nyingine zimesharekebishwa, kwa hiyo kwanza mtazame mtu anayeketi au anayemimina maji.

SWALI: Mjomba anasema mauaji ya ngazi za Odessa katika filamu ya manowari Potemkin ni ya kutungwa. — Msomaji, Likoni

JIBU: Mjomba ana haki. Uasi wa manowari mwaka 1905 ulitokea, na watu walipigwa risasi mjini Odessa, ila yale mauaji ya ngazini kama yanavyoonekana ni kazi ya mwongozaji Sergei Eisenstein, aliyeitengeneza filamu mwaka 1925 kuadhimisha miaka 20 ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka ule wa 1905. Filamu inaishia kwa ushindi. Mabaharia wenyewe walijisalimisha Constanța, Romania. Ni filamu kubwa mno, na anayeionyesha kwa vijana ana wajibu wa kuwaambia hayo.

SWALI: Nimerithi kanda za video za harusi za ukoo. Naweza kutengeneza filamu bila kupiga chochote kipya? — Dada wa Mji wa Kale

JIBU: Dada, Esfir Shub, mhariri wa filamu wa Kisovieti, alifanya hivyo mwaka 1927. Alipitia mikanda mingi ya kale, hata ya nyumbani kwa mfalme wa Urusi, akatoa filamu nzima juu ya kuanguka kwa ukoo wake wa Romanov. Aliwaweka wakubwa wanaocheza dansi melini mpaka wanatoka jasho, kisha akakata moja kwa moja kwenda kwa wakulima wanaotoka jasho la kazi. Maana ilizaliwa pale kwenye kiungo.

Kabla ya yote, chungulia kidirisha cha kila kanda. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu wa unyevu wetu wa pwani. Usiitie mashinani, itachafua vichwa vya mashine na kuambukiza kanda nyingine. Mpelekee fundi. Zilizo safi zipeleke mbele mpaka mwisho na uzirudishe mara moja, ndipo unakili; kanda ya saa moja huchukua saa moja. Fungua daftari: dakika, nani, anafanya nini, anaelekea upande gani. Bila daftari utazama. Na kanda za ukumbi wa wanawake, omba ruhusa kwa wanaoonekana kabla hujamwonyesha hata huyo fundi.