Taa za Kuchomoza Zikigoma, Mota Iache Mwisho

Taa za kuchomoza ni taa za mbele zinazojificha ndani ya bodi na kuinuka unapoziwasha. Za gari la zamani la michezo zikigoma, ushauri wa kwanza utakaoupata ni ule ule: "Mota imekufa hiyo, tafuta nyingine." Mimi nina gari la aina hiyo, la Kijapani, la mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa niliyoyaona kwenye gari langu na kwenye ya wenzangu, mota huwa nzima mara nyingi. Kinachokosekana ni umeme wa kuifikia, au njia ya umeme huo kurudi, au grisi tu. Tena Chevrolet Corvette C5 na Lotus Esprit, ambayo ni kati ya magari ya mwisho yenye taa hizi, yaliacha kutengenezwa mwaka 2004. Kwa hiyo mota "mpya" utakayouziwa huenda imechomolewa kwenye gari lililochoka kama lako.

Kabla ya kushika spana, elewa kinachotokea chini ya boneti. Katika magari mengi ya Kijapani ya enzi hizo, kila taa ina mota yake, na mota hiyo huzunguka upande mmoja tu. Nusu mzunguko, mkono wake unaisukuma taa juu. Nusu ya pili unaivuta chini. Ndani kuna kisahani chenye vipande vya shaba kinachokata umeme mkono ukifika mwisho wa safari. Kisahani hicho ndicho chanzo cha vituko vingi, tutakirudia. Kuna magari yenye mpango mwingine kabisa: Porsche 944 ina mota moja inayoinua taa zote mbili kwa fimbo ndefu, na Corvette za 1968 hadi 1982 zilitumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, kwa hiyo huko unatafuta mpira uliopasuka badala ya waya. Mwenye Opel GT anageuza taa zake kwa wenzo kwa nguvu za mkono wake, huyo hanihitaji.

Jambo moja sina mzaha nalo: vidole. Taa iliyoganda inaweza kuamka ghafla waya ukigusana, na ule mkono wa chuma hauulizi. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kuingiza mkono, kila mara, hata kama unataka kugusa tu.

Sasa itazame taa inavyogoma. Zikiwa zote mbili zimekufa kwa pamoja, si rahisi mota mbili kuungua siku moja. Anza na fyuzi. Mota hizi zinakula umeme mwingi, kwa hiyo fyuzi yake ni kubwa. Kwenye Mazda MX-5 ya kwanza ni ya ampea 30. Usiitazame kwa macho tu, ipime kwa testa, maana nyufa nyingine hazionekani. Kisha rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme: kama gari lako lina nyingine yenye namba ile ile, zibadilishane nafasi uone. Na kama taa zimebaki juu hazitaki kushuka, angalia kwanza dashibodi. MX-5 hiyo ina kitufe cha kuinua taa bila kuziwasha, na kikiwa kimebonyezwa zitabaki zimesimama hata ukizima swichi. Watu wameshafungua nusu ya gari kwa sababu ya kitufe.

Ikiwa ni jicho moja tu lililolala, fyuzi na swichi ziache, nenda moja kwa moja kwenye plagi ya mota ile. Ichomoe, tazama pini. Ukiona ukijani, umepata kazi: dawa ya kusafishia viunganishi na brashi ndogo. Halafu fuata waya wa athi, yaani njia ya umeme kurudi, hadi ulipofungwa kwenye bodi. Mimi hapo situmii macho, natumia multimita, kipimo cha umeme, betri ikiwa imerudishwa: ncha moja kwenye pini ya athi ya mota, nyingine kwenye hasi ya betri, mwenzangu anabonyeza swichi. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikipita nusu volti, umeme unahangaika kurudi. Fungua ile bolti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza upya.

Kipimo kingine hakihitaji kifaa. Mota nyingi zina kinobu juu, chini ya kofia ya mpira, cha kuinulia taa kwa mkono. Betri ikiwa imetolewa, kizungushe. Kikiwa kigumu njia nzima, tatizo ni viungio vya mikono: vimekauka au vimeingia kutu. Kikizunguka vizuri, sogeza kidogo tu, rudisha betri, jaribu swichi. Taa ikiinuka yenyewe, kuna sehemu moja iliyokufa, ama kwenye brashi za kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota ama kwenye kile kisahani.

Kofia hiyo ya mpira iangalie kwa makini. Ikipasuka, maji yanashuka hadi ndani. Nilipofungua kifuniko cha mota ya kulia ya gari langu, grisi ya kiwandani ilikuwa imegeuka nta ya kahawia, imejaa juu ya shaba, na pembeni utandu wa kijani. Taa hiyo ilikuwa ikipanda na kushuka bila kukoma, kama mtu anayekonyeza, kwa sababu kisahani hakikati umeme panapotakiwa. Nilikwangua grisi kwa kijiti cha mbao, nikafuta kwa spiriti, nikapaka grisi nyeupe ya lithiamu kiasi kidogo kwenye giya, si kwenye shaba. Kukonyeza kukaisha. Rilei iliyoganda nayo huleta dalili hiyo hiyo, kwa hiyo ijaribu kabla ya kufungua mota.

Taa zinazopanda kwa uvivu zote mbili huniambia nipime betri kwanza: karibu volti 12.6 gari likiwa limepumzika, na 14 hivi injini ikinguruma. Taa iliyopanda lakini haiwaki ni kesi ya balbu na nyaya zake. Mota imeshamaliza kazi yake.

Ukikwama usiku, inua taa zote kwa kinobu kisha toa fyuzi ya mota ili zisishuke njiani. Katika magari mengi fyuzi hiyo ni tofauti na ya balbu, lakini hakikisha zinawaka kabla ya kuondoka.

Na ikibidi mota itoke, chora alama kwa rangi pale mkono unaposhikana na shafti kabla ya kulegeza nati. Ukirudisha jino moja pembeni, kifuniko cha taa kitasimama juu ya boneti au kitakwangua rangi, na mwanga utaelekea mbinguni. Ukinunua ya kutumika, taja upande: ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazifanani. Iwashe kwa betri dukani, na uitazame ikimaliza mzunguko mzima, juu na chini, zaidi ya mara moja.