Cheni ya taimingi ya 2ZZ-GE: jaribu tenshena kwa kidole kabla hujalipa

Mkuu, umeuliza kuhusu Toyota Allex yako yenye injini ya 2ZZ-GE: asubuhi ikiwashwa inagonga kama sekunde tatu halafu inatulia, fundi anataka ubadilishe seti nzima ya taimingi, na duka limekuletea cheni ya "resingi" (ya magari ya mbio) kwa bei mara mbili ya kawaida. Nilipita humo humo na Runx Z yangu ya gia sita za mkono, yenye injini hiyo hiyo, kwa hiyo vumilia, jibu ni refu. Cheni ya resingi achana nayo. Hela hiyo ipeleke kwenye tenshena nzuri (kifaa kinachoibana cheni isilegee), na ikibaki kitu, kwenye pampu ya oili.

Ila kwanza, una uhakika ni cheni, ile inayounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti zinazofungua valvu? Mimi nilikaribia kununua seti kabla hata ya kupima. Kelele ya asubuhi upande ule wa injini inaweza kutoka kwa alterneta, kwa tenshena ya mkanda wa nje, hata kwa gia ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) yenyewe ikiwa pini yake ya kujifunga imechakaa. Vua mkanda wa nje usiku, asubuhi washa injini ya baridi bila mkanda kwa sekunde chache tu (pampu ya maji haizunguki, usiiache ikaunguruma), usikilize. Kelele ikipotea, umeokoa hela ya watu. Yangu haikupotea.

Kisha chomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Kwenye Toyota za umri huu P1346 ndiyo inayokwambia kamshafti na krenki hazikubaliani, na hapo cheni iliyorefuka au iliyoruka jino ni mshukiwa halali. P1349 ni habari nyingine: mfumo wa VVT-i hautii amri, na mara nyingi ni valvu ya oili au kichujio chake kimejaa uchafu. Namjua mtu alibadilisha cheni kwa sababu ya P1349. Taa ilirudi siku ya pili.

Uzuri wa injini hii ni kwamba tenshena imekaa nje, ubavuni mwa kava ya taimingi, inashikwa na nati mbili za kumi. Unaweza kuitoa bila kufungua kitu kingine, ukaona pistoni yake imetoka kiasi gani. Ikiwa imetoka karibu mwisho, cheni na reli zimekula. Lakini ikiwa nje, MTU ASIGUSE KRENKI. Hakuna kinachoibana cheni wakati huo, ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni, na hapo hatuzungumzii tena seti ya cheni. Mwambie na kijana wa gereji anayependa kusaidia.

Watu husema cheni "imevutika" kana kwamba ni mpira. Chuma hakivutiki hivyo. Kinachokula ni pini na bushi ndani ya kila kiungo, nafasi isiyozidi unene wa unywele, lakini zidisha kwa viungo vyote utapata urefu unaopimika. Kitabu cha huduma kinataka uivute cheni kwa mizani ya springi kwa nguvu iliyotajwa, upime urefu wa idadi fulani ya viungo, sehemu tatu tofauti. Kinacholeta ulaji huo ni oili chafu na oili pungufu. 2ZZ inapenda kunywa oili, hasa kwa sisi tunaoizungusha hadi ile kamu ya pili (ya mizunguko ya juu) ishike juu ya mizunguko elfu 6. Mimi nilitoka Dar hadi Dodoma nikiwa mguu chini bila kuchomoa stiki ya oili hata mara moja. Kelele ilianza wiki hiyo. Sina wa kumlaumu.

Sasa hiyo cheni ya resingi. Ushauri mwingi wa "cheni ya mistari miwili" unaousoma mtandaoni unatoka kwa Wamarekani wenye V8 za zamani za Chevrolet. Kule kamshafti iko ndani ya bloku (mwili wa injini), cheni ni fupi, haina tenshena, na ya kiwandani mara nyingi ilikuwa ya aina ya kimya yenye sproketi ya kamu iliyovikwa nailoni. Ukiweka springi kali za valvu na kamu kubwa, ile haikai, ndiyo maana wananunua seti ya roli za mistari miwili, na sproketi ya krenki yenye njia tatu za ufunguo ili waweze kusogeza taimingi mbele au nyuma kwa digrii 4. Wakiwa wamechonga upya njia ya krenki, wanaagiza hata cheni fupi kidogo kwa sababu krenki imesogea juu. Yote hayo yana maana kwao. Sisi cheni yetu ni ndefu, inapanda hadi kwenye kamshafti mbili juu, inaongozwa na reli za plastiki na kubanwa na tenshena. Sproketi zetu ni za mstari mmoja. Injini hii imetoka kiwandani ikiwa na farasi 190 kwenye mizunguko 7600, na cheni yake ilichaguliwa kwa kazi hiyo. Kama hujaongeza turbo wala kuinua mwisho wa mizunguko, cheni ya kawaida ya ubora wa kiwandani inatosha na kubaki.

Kwenye kununua, mtego wa kwanza ni "zote ni ZZ". Muuzaji atakupa ya 1ZZ, injini ndugu ya kawaida, kwa sababu ndiyo inayotembea. Kichwa cha 2ZZ ni kingine kabisa, Yamaha walishiriki kukitengeneza, na namba za spea ni tofauti. Usitaje jina la gari, toa namba ya chasi. Ya Runx na Allex zenye 2ZZ inaanza na ZZE123. Wakikutafutia kwa ZZE122 umeletewa ya jirani.

Mtego wa pili ni feki, na hapa ndipo nilipoliwa. Seti ya kwanza niliinunua kwenye duka moja Gerezani, boksi safi, stika inang'aa. Nilipofika nyumbani nikaishika tenshena: nikaivuta pistoni nje hadi meno yakashika, nikaisukuma ndani kwa kidole gumba. Ikarudi. Krr, krr, krr, kama zipu. Tenshena nzima haifanyi hivyo. Ukiinua kile kijilimi kinachoshika meno ya pistoni kwa ukucha, pistoni inapaswa kuteleza laini. Ukikiachia, isukume utakavyo, haitikisiki. Kazi yake yote ndiyo hiyo: asubuhi kabla oili haijafika, kijilimi ndicho kinachozuia cheni isilegee. Kwa hiyo jaribio hilo lifanyie pale pale kaunta, muuzaji akikasirika nenda duka la pili. Reli nazo (mafundi wanaziita gaidi, na zikivunjika jina linazifaa) zipitishe kidole pembeni: plastiki yenye kingo zilizomwagika kama nta ya mshumaa irudishe. Mwisho nilinunua jenuini, cheni, reli na tenshena, nikaacha seti kabisa. Ilinigharimu zaidi, na tenshena ile sijalazimika kuibadilisha tena.

Kufungua si kazi ya mchana mmoja. Unaweka jeki na kipande cha mbao chini ya sampu (bakuli la oili), unatoa maunti ya injini ya kulia, pampu ya maji, puli ya krenki, kava ya valvu, ndipo kava ya taimingi itoke. Ukishafika pale, tazama pampu ya oili. Iko hapo hapo nyuma ya kava, inazungushwa na krenki moja kwa moja, na ndiyo sehemu dhaifu ya injini hii kwa anayekimbia. Ukikosea gia, ukatoka ya tano ukaangukia ya pili badala ya ya nne, mizunguko inaruka na gia za pampu zinaweza kupasuka. Wa mbio huweka gia za chuma kigumu. Kama yako ina mikwaruzo, hapo ndipo mahali pa kumwaga hela ya resingi. Badilisha na sili ya krenki. Juu, kava ya valvu ikiwa wazi, kagua bolti za oili za shafti za roka. Za matoleo ya mwanzo hukatika, na ikikatika kamu ya pili haishiki tena.

Kufunga: pistoni namba moja juu, alama za sproketi za kamu zitazamane, viungo vya rangi vikae kwenye alama zake. Baada ya hapo zungusha krenki mara mbili kwa mkono uangalie alama za sproketi tu. Viungo vya rangi havitarudi mahali pake, cheni ina hesabu yake. Fundi wangu alitaka kufungua upya kwa hofu hiyo.

Kosa langu lilikuwa lingine. Mbele ya sproketi ya krenki kuna sahani nyembamba ya sensa yenye herufi F, na F inatakiwa itazame nje. Nilifunga kila kitu Jumamosi jioni, silikoni ikakauka usiku, Jumapili nikapiga stata hadi betri ikachoka. Petroli inanuka, gari haliwaki. Jumatatu tukatoa kava upya, F ikawa inatazama bloku. Piga picha kabla hujaitoa.

Tenshena mpya inaingia pistoni yake ikiwa imefungwa kwa ndoano. Ukishakaza nati, zungusha krenki kidogo kinyume na mshale wa saa, ndoano itaachia na utausikia mlio mdogo wa "tak". Usipousikia, usiwashe. Itoe, uifunge tena ndoano, uanze upya.

Kama hujalipia ile cheni ya resingi, muulize muuzaji inaingia kwenye sproketi ipi, halafu tuletee jibu lake hapa.