Uliza Tukujibu: Utumwa wa Marekani ulikuwa wa kusini tu?

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi ni bodaboda hapa Jinja. Juzi tumebishana sana pale stejini, mwenzangu anasema utumwa wa Marekani enzi za Mwingereza ulikuwa wa kusini tu kwenye pamba, na ati sheria haikuwepo, ni wenye bunduki tu walikuwa wanajifanyia. Nikakataa lakini sikuwa na ushahidi. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba kijana wangu, wewe ndiyo mkweli. Makoloni yalikuwa 13, na wanapotangaza uhuru 1776 utumwa ulikuwa halali kwa yote 13, New York ndani, Massachusetts ndani, hakuna lililobaki nje. Halafu pamba ilikuwa bado, wakati huo watu walilimishwa tumbaku kule Virginia na Maryland, mpunga na nili, ule mmea wa kutoa rangi ya buluu, kule South Carolina, pamba imekuja kushika baada ya ile mashine ya kutoa mbegu ya 1793 na Mwingereza ashaondoka. Kaskazini walifanyishwa kazi bandarini, majumbani, mashambani, na meli za Newport kule Rhode Island zilikuwa zinakuja zenyewe mpaka Afrika Magharibi kuchukua watu.

Lakini hili la sheria ndilo linaniuma mimi, manake watu wengi wanafikiri ilikuwa fujo tu. Hapana, walikaa mezani wakaandika. Waafrika 20 na kitu, waliotekwa huko Angola, walifikishwa Virginia 1619 na koloni halikuwa na sheria ya utumwa. Wa kwanza kuiandika ni Massachusetts, 1641, wale watu wa dini sana. Virginia ilianzia kortini: 1640 walitoroka watumishi watatu, wazungu wawili na Mwafrika mmoja anaitwa John Punch, wakakamatwa, wazungu wakaongezewa miaka minne minne, John Punch akaambiwa utatumika mpaka ufe. Kosa ni moja.

Sasa sikiliza ya Elizabeth Key. Mama yake Mwafrika mtumwa, baba yake Mwingereza, tena mtu wa bunge la koloni. Akaenda kortini akasema mimi baba yangu ni mtu huru na mimi nimebatizwa, na 1656 akashinda! Kwa sheria ya Uingereza mtoto alifuata baba, kama vile hapa kwa Waganda mtoto anachukua ukoo wa baba bila mtu kuuliza. Wenye mashamba wakaona huu mlango ukibaki wazi tumekwisha, 1662 Virginia ikapitisha kwamba mtoto atakuwa huru au mtumwa kufuatana na mama yake. Waislamu wenzangu wa Bombo mnajua, kwa sheria yetu mtoto ambaye bwana amezaa na suria wake anakuwa huru. Hawa waligeuza kabisa, bwana anamlazimisha mjakazi, anazaa, na mtoto wake wa damu anakuwa mali yake, anaweza kumuuza. Nimeisoma hiyo mara nyingi na bado inanishinda. Mlango wa ubatizo nao ukafungwa 1667, ati ukibatizwa bado wewe ni mtumwa, na 1669 wakaandika kwamba bwana akimuua mtumwa wakati anamwadhibu si jinai.

Kwa hiyo mwenzako akikuuliza uliongezekaje, mpe hesabu hii: waliofikishwa Amerika Kaskazini moja kwa moja toka Afrika, miaka yote ya biashara hiyo, ni kama 388,000. Mwaka 1775 watumwa walikuwa tayari karibu 500,000, mtu mmoja kwa kila watano. Wengi walizaliwa hukohuko, ndani ya sheria ile ya tumbo la mama.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Arua. Hakuna koloni hata moja lililokataza?

JIBU: Mwalimu, lilikuwepo, Georgia, ilikataza 1735. Isifikiriwe ni huruma tu, jirani yao kusini alikuwa Mspania wa Florida, na yeye aliwapa uhuru watoro kutoka kwa Mwingereza wakikubali Ukatoliki, kwa hiyo Georgia ilitakiwa iwe ukuta wa wazungu watupu. Lakini walowezi wakaona utajiri wa mpunga wa South Carolina, wakalalamika wee mpaka 1751 ikaruhusiwa.

Habari za Florida zilikuwa zinafika kwa watumwa. Toka 1738 watoro walikuwa na kijiji chao huko, Fort Mose, karibu na St. Augustine. Septemba 1739 kundi la watumwa pale mto Stono, South Carolina, wakachukua silaha dukani wakashika njia ya kusini wakipiga ngoma ili wengine wasikie wajiunge, wakaongezeka njiani mpaka wanamgambo wakawafikia jioni. Sheria iliyofuata, ya 1740, ilikataza mtumwa kufundishwa kuandika, ikakataza pia asiwe na ngoma wala baragumu.