Kupanda cheo ukiwa mapokezi Lamu: daftari, msimu na namna ya kuomba

Wa aleikum salaam, dada. Umesema uko mapokezi kwenye nyumba ya wageni Shela, mwaka wa nne huu, cheo ni kile kile, na kila jioni umechoka lakini ukiulizwa umefanya nini huna la kuonyesha. Wengi waliokujibu kabla yangu wamekushauri uhame. Kuhama kunaweza kufika wakati wake, ila utakakokwenda utaulizwa swali lile lile, kwa hiyo naanza na hilo. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za wageni, na ninapochagua mtu wa kupandishwa, wenye bidii sikosi. Ninayemtafuta ni yule anayeweza kunieleza bidii yake imeleta nini.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nayo ni vivyo hivyo. Nunua daftari la jalada gumu, lile la kurasa kama 200, liwe lako na si la nyumba. Nasema daftari na si simu kwa sababu ukifungua simu uandike mstari mmoja utakuta jumbe sita zinakungoja, na mstari hauandikwi. Chora safu nne tu: saa, jambo, nilichofanya, matokeo. Ukiweka safu nane utaliacha kabla mwezi haujaisha. Mstari wenyewe uwe hivi: "Saa 1:40 asubuhi. Chumba 5, ndege imechelewa. Nimempigia nahodha, mashua ya uwanja wa ndege wa Manda imetoka saa 5 imekuwa saa 8. Mgeni hakulipa mara mbili, amekula chakula cha mchana hapa." Sekunde arobaini, imekwisha.

Andika pale pale jambo linapotokea. Anayengoja hadi baada ya isha huandika "siku ilikuwa na shughuli nyingi", na maneno hayo hayana kazi yoyote. Usiandike jina la mgeni wala namba yake, tumia namba ya chumba. Nitaeleza sababu mwishoni.

Ijumaa asubuhi kabla ya kujitayarisha kwa sala, tenga nusu saa ujumlishe wiki. Hapa ndipo watu wa mapokezi wengi wanapokwama, kwa kuwa hawajui wajumlishe nini. Kwa nyumba ndogo hesabu tatu zinatosha, na nitazieleza polepole kwa sababu ndizo mwenye nyumba anazozifikiria usiku.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba 8 mwezi wa Novemba. Vyumba 8 mara siku 30 ni usiku 240 uliokuwa nao wa kuuza. Ukiuza 132, gawanya kwa 240, nyumba imejaa kwa asilimia 55. Hiyo ya kwanza. Mapato ya vyumba yakiwa shilingi 858,000, gawanya kwa 132 upate 6,500, ndiyo bei ya wastani ya chumba kilichouzwa. Ya pili hiyo. Ya tatu ndiyo wengi hawaifanyi: mapato yale yale gawanya kwa usiku wote 240, upate 3,575. Hayo ndiyo mapato ya kila chumba ulichonacho, kiwe kimelaliwa au kimelala tupu.

Kwa nini ya tatu ni muhimu? Tuseme mwenzako alishusha bei hadi 5,000 ili nyumba ijae, akauza usiku 160. Nyumba imejaa kwa karibu asilimia 67, kila mtu anampongeza. Lakini mapato ni 800,000, yaani 3,333 kwa kila chumba kilichopo. Pesa zimepungua kwa 58,000, na juu yake kuna shuka za usiku 28 zaidi za kufua, staftahi 28 au zaidi, na maji ya kupandisha tangini. Mtu wa mapokezi anayeweza kumwonyesha mwenye nyumba jambo hili kwenye karatasi moja tayari anafanya kazi ya umeneja, hata kama beji yake haisemi hivyo.

Ongeza na wageni waliokuja moja kwa moja. Kama tovuti ya kuhifadhi vyumba inakata kamisheni ya asilimia 15, usiku 20 wa bei 6,500 uliojaa bila kupitia tovuti umeokoa 19,500. Ila hesabu wale waliorudi wenyewe au walioletwa na mgeni wa zamani tu. Mgeni aliyekwisha kuhifadhi kupitia tovuti ukamshawishi aghairi alipe pembeni, huko ni kuvunja mkataba wa nyumba na tovuti, na nyumba inaweza kufungiwa ukurasa wake. Nimeona watu wakijivunia jambo hilo kwenye usaili, na usaili ukaishia hapo hapo.

Sasa siku yenyewe. Mipango ya kupanga muda inayosambazwa mitandaoni imetengenezwa kwa mtu wa ofisini mwenye mlango. Wewe una kaunta, gati na bahari. Gawa siku kwa sala, kwa sababu mji mzima unakwenda hivyo na hutahitaji kengele. Baada ya alfajiri hadi saa mbili ni muda wako mtulivu kuliko wote: wageni wamelala, simu iko kimya. Weka hapo kazi moja inayotaka kichwa, kama hesabu au bei za mwezi ujao, na iwe moja tu. Kati ya adhuhuri na alasiri kuna takriban saa tatu ambazo wengi hupumzika. Hapo weka kazi za mkono, mfano kupanga risiti na kuhakiki vyumba. Magharibi hadi isha usipange kitu. Wageni ndio wanarudi kutoka baharini na kila mmoja ana swali.

Juu ya sala weka maji. Kujaa kwa maji husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya mashua ya leo haifai kunakiliwa wiki ijayo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na njia ya ufukweni kati ya mji na Shela hufunikwa. Mgeni mwenye masanduku aliyeambiwa atembee saa hiyo atafika amelowa na ataandika maoni mabaya, na kosa si lake. Mashua za kupita mlango wa bahari wa Mkanda kwenda kisiwa cha Pate nazo zinataka maji yaliyojaa. Chukua jedwali la maji la mwezi mzima, nakili saa za kujaa pembeni mwa kila ukurasa wa daftari kabla mwezi haujaanza. Nusu ya "dharura" za mapokezi zinatokana na maji ambayo yangejulikana mwezi mzima kabla.

Kuhusu jumbe: WhatsApp ya biashara ina majibu ya haraka, unaweza kuhifadhi hadi 50, na unayaita kwa alama ya mkwaju (/). Maswali ya wageni ni kumi na tano hivi yanayojirudia: namna ya kuvuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda, nauli, ngazi, maji ya moto, mavazi mjini, saa za staftahi. Yaandike vizuri mara moja, yapitiwe na mtu mwenye Kiingereza safi, kisha yatumie. Halafu weka lebo nne kwenye mazungumzo: anauliza, anasubiri malipo, amelipa, amewahi kulala. Lebo ya pili ipitie kila siku saa tatu asubuhi. Ndiko pesa zinakopotelea, kwa mgeni aliyesema "nitakujulisha" na hakuna aliyemkumbusha.

Mwaka nao upange kwa pepo. Kaskazi ikishika, Desemba na kuendelea, hutapata nafasi ya kusoma lolote, usijidanganye. Masika ya Aprili hadi Juni, na Mei hasa, bahari huchafuka na nyumba nyingi Shela hufunga au hupunguza watu. Huo ndio muda wa kozi. Tatizo ni kwamba ndio muda mfuko uko mtupu, kwa hiyo ada ilipwe Januari, bahashishi za msimu zikiwa bado zipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kila baada ya miezi 12. Iombe kwa barua mwezi wa Machi uichukue Mei, na mara nyingi utakubaliwa bila ubishi kwa kuwa nyumba haina watu. Kumbuka pia Ramadhani na Maulidi ya mfungo sita hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo msimu wa mwaka jana haukwambii moja kwa moja wa mwaka huu.

Usome nini? Kwa anayelenga umeneja wa nyumba ndogo, maoni yangu ni jedwali la hesabu la kompyuta, kama Excel, kwanza. Fomula za SUM (kujumlisha), AVERAGE (wastani) na COUNTIF (kuhesabu vinavyotimiza sharti), pamoja na kuzidisha na kugawanya, zinatosha kufanya kila hesabu niliyoitaja. Pili lugha ya wageni wenu. Malindi na Watamu ni Kiitaliano bila swali, Lamu angalia daftari lako likwambie wageni wametoka wapi. Cheti ni cha tatu. Hakidharauliki, ila uzito wake hasa ni pale unapotaka kuvuka kwenda hoteli kubwa. Kwa aliyejifunzia kazini kuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, unaoanza Gredi ya Tatu kupanda hadi ya Kwanza, na kuna utaratibu wa kutambuliwa ujuzi ulioupata bila darasa, ambapo unatathminiwa kwa ushahidi: picha za kazi, barua za mwajiri, kumbukumbu. Daftari lako linaingia hapo moja kwa moja. Ukiwa na uwezo wa kukaa Nairobi, Chuo cha Utalii cha Kenya kipo tangu 1975 na jina lake linafungua milango. Wakati wa kozi, ile kazi moja ya baada ya alfajiri iwe kusoma dakika 45 kila siku, usilundike saa tano siku ya mapumziko, utachukia somo na hutakumbuka.

Sasa kuomba. Usiombe Desemba, mwenye nyumba hana masikio. Usiombe Mei, hana pesa. Septemba au Oktoba, msimu wa Julai na Agosti umekwisha na wa Desemba unapangwa. Ukurasa mmoja: juu, zile hesabu tatu kwa miezi 12, katikati, mambo matatu kutoka daftarini yaliyookoa au kuleta pesa, chini, ombi. Ombi lisiwe "naomba cheo". Andika hivi: "Kwa heshima, naomba kukabidhiwa bei na mauzo kuanzia Novemba hadi Machi, pamoja na nyongeza ya shilingi kadhaa kwa mwezi, na Aprili tukae tuangalie matokeo na cheo." Weka tarakimu halisi badala ya "kadhaa". Usipoitaja wewe ataitaja yeye, na yake itakuwa ndogo. Tena umwachie karatasi aisome usiku. Anayejibiwa papo hapo mara nyingi hujibiwa hapana.

Akikubali kwa mdomo, muombe kwa upole aandike. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ile kinataka masharti ya kazi yakibadilika mkataba urekebishwe kwa kushauriana nawe na ujulishwe kwa maandishi. Majukumu yanayoongezwa kwa mdomo huwa ya kudumu, nyongeza iliyoahidiwa kwa mdomo huwa "tutaona". Akikataa, uliza ni hesabu ipi angependa kuiona ipande na mtakutana tena tarehe gani. Asipokuwa na jibu la hayo mawili, hapo ndipo ushauri wa waliosema uhame unapopata nguvu.

Na ukihama, kifungu cha 51 cha sheria hiyo kinakupa haki ya hati ya utumishi: inaonyesha mwajiri, kazi, mahali, ulianza lini na umemaliza lini. Lakini sheria hiyo hiyo haimlazimishi mwajiri kukusifia. Barua ya kukupendekeza iombe mwisho wa kila msimu, meneja akiwa bado yupo na anakumbuka, maana mameneja Lamu hubadilika haraka. Maoni ya wageni yanayokutaja jina yapige picha na uyachapishe kwenye karatasi, kurasa za tovuti hufutwa nyumba ikipata mmiliki mpya. Daftari ondoka nalo, ila orodha ya namba za wageni iache pale pale. Ni data ya watu, inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ndiyo maana nilikwambia uandike namba za vyumba: daftari lisilo na jina la mgeni unaweza kulifungua mbele ya mwajiri mpya ukurasa kwa ukurasa.