Ezekiel wa Total Drama walimtupa bure

Mkuu umeuliza ni nani kwenye Total Drama, ile katuni ya mashindano ya kutoana, stori yake iliachwa njiani, mi nasema Ezekiel bila kupepesa macho. Dogo wa shamba, kasomea nyumbani, anaropoka upuuzi kuhusu wasichana anatolewa wa kwanza kisiwani msimu wa kwanza, sawa alistahili, ila World Tour, msimu wa tatu wa kuzunguka dunia kwa ndege, wakamrudisha wakamtoa wa kwanza tena alafu wakamgeuza kama mnyama anajificha kwenye ndege! Hapo palikuwa na stori kabisa ya mtu aliyeumbuka anajifunza. Huku Newala madogo wa hivyo tunawajua, wanatoka kwenye mikorosho wanaingia Mtwara mjini wanachekwa, baada ya muda wao ndo wanatucheka sisi. Noah, mshiriki mwingine, nae walimbania msimu wa kwanza ila huyo World Tour walimfidia.