Dania huingia lini kwenye sufuria? Maswali na majibu

Safari hii maswali yote ni ya majani ya kunukia: dania, rihani, mchaichai na mengineyo. Naanza na lile lililoulizwa na wengi.

Natia dania nyingi kwenye mchuzi wa kuku, lakini tukianza kula harufu haipo tena. Niongeze fungu la pili? Mama wa watoto wawili, Ntinda, Kampala

Usiongeze, mama. Badilisha saa ya kuitia. Harufu ya dania imo kwenye mafuta mepesi ya jani, na mafuta hayo hupaa na mvuke. Ukiitia pamoja na vitunguu, kisha mchuzi ukatokota nusu saa, harufu yote inaishia jikoni.

Tenga mabua na majani. Mabua yakatekate madogo sana, uyakaange na vitunguu na tangawizi, kwa kuwa yana ladha nzito na yanavumilia moto. Majani yangoje mpaka sufuria iepuliwe kwenye sigiri. Hapo yakate kwa kisu kikali (kisu butu huyaponda, yakawa meusi, na maji yake ya kijani yakabaki kwenye ubao), nyunyiza juu ya mchuzi, funika dakika mbili, pakua. Ukifunua tu utaisikia.

Majani magumu na mabua ya mchaichai ni kinyume chake, hayo yanataka muda. Luwombo, yaani nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba, hukaa kwenye mvuke saa mbili au zaidi, kwa hiyo dania iliyofungiwa humo inakuwa imepotea bure. Mimi hupenda bua moja la mchaichai, ile sehemu nyeupe ya chini, lipondwe kwa mchi na lilazwe juu ya nyama kabla ya kufunga jani la mgomba. Litoe wakati wa kula, dania uinyunyize mezani luwombo ikishafunguliwa. Lakini binyebwa, ule mchuzi wa karanga, naomba tuiachie harufu yake yenyewe. Majani machache ya kitunguu yanaitosha. Ukitia rozimeri humo, umeharibu vyote viwili.

Dania ninayonunua asubuhi inanyauka kabla ya jioni ya pili. Sina friji. Msomaji, Arua

Wauzaji huinyunyizia maji mchana kutwa ili isinyauke, nawe ukiifunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki) na maji yake, inaoza. Ukifika nyumbani fungua fungu, toa majani ya manjano na yanayoteleza, kung'uta maji. Kata ncha za mabua, uyasimamishe kwenye kikombe chenye maji ya vidole viwili. Funika kwa kavera bila kuikaza, weka penye kivuli na ubaridi, na ubadilishe maji kila asubuhi. Usiioshe mpaka wakati wa kuitumia. Hapo ioshe sana, hasa ikiwa ni ya kachumbari, kwa maji safi yanayotiririka au yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu baadhi ya mboga za mijini hulimwa kwenye mabonde yanayopitisha maji machafu.

Wenye friji wanaweza kuweka dania humo kwa namna hiyohiyo. Rihani msiiweke, baridi huifanya nyeusi. Ikae mezani kwenye kikombe chake.

Kwa tambi na mchuzi wa nyanya, naweza kutumia mujaaja (rihani ya kienyeji) mahali pa rihani? Busia

Unaweza. Ni mimea ya jamii moja, ila mujaaja ni mkali zaidi, na mara nyingi una mafuta yaleyale yanayoipa karafuu harufu yake. Tia theluthi ya kiasi cha rihani, onja, ndipo uongeze. Kwa maharage na nyama ya ng'ombe ni mzuri sana.

Nimeona watu wakiloweka kitunguu saumu na rihani kwenye chupa ya mafuta ya kula, ikakaa kabatini miezi. Nataka kutengeneza za kuuza. Dada wa Bombo

Hapana, dada yangu, tafadhali. Saumu na majani mabichi hutoka shambani, na udongoni mna bakteria iitwayo Clostridium botulinum. Hiyo hustawi mahali pasipo hewa, na ndani ya mafuta hewa haifiki. Sumu yake haina harufu wala ladha ya kukuonya, na inaweza kupooza misuli, hata ile ya kupumulia. Mafuta ya namna hiyo, hata ya kula nyumbani, yakae kwenye friji na yaishe ndani ya siku nne. Umeme ukikatika mchana kutwa, yamwage.

Kama ni biashara, kausha. Rozimeri, mchaichai na mujaaja vikaushwe kivulini penye upepo mpaka jani livunjike ukilikunja, kisha vifungwe pakavu. Waambie wateja kijiko 1 cha makavu ni sawa na vijiko 3 vya mabichi. Dania usiikaushe, haibaki na kitu.

Mbegu zangu za dania hazioti kabisa. Napanda kwenye debe barazani. Mbarara

Kila punje ya dania ni ganda lenye mbegu mbili ndani. Ziviringishe punje chini ya chupa, polepole, mpaka zipasuke katikati bila kusagika, uziloweke usiku mmoja. Panda kina cha sentimita 1 hivi, palepale zitakapokulia, kwa kuwa dania haipendi kuhamishwa. Ngoja wiki moja hadi tatu, udongo ukiwa na unyevu. Jua kali huiharakisha kutoa maua, na ikishachanua majani huwa machache na machungu. Ipe kivuli cha mchana, na upande nyingine kila baada ya wiki mbili au tatu. Mnanaa usiuchanganye humo, una mizizi inayotambaa na utaimeza dania yote. Utafutie debe lake.