Maswali ya Wasomaji: Mbio katika Riwaya ya Watoto

SWALI: Naandika riwaya ya watoto wa miaka 9 hadi 12. Mhusika wangu ana miaka 12, anapigana shuleni, baba yake yuko gerezani. Kocha anamwingiza kwenye timu ya riadha. Walioisoma rasimu wanasema sura za mbio zinafanana zote. Nirekebishe nini?

JIBU: Mchagulie mbio zake. Mita 100 zinaisha kabla mtoto hajapata nafasi ya kukosea na kujirudi. Sisi tungempa mita 800, mizunguko miwili ya uwanja. Wakimbiaji hubaki kila mmoja kwenye njia yake hadi mwisho wa kona ya kwanza, kisha wote hukimbilia njia ya ndani. Hapo viwiko hugusana. Mtoto mwenye hasira akiguswa, akajibu kwa kusukuma, anaondolewa mashindanoni. Mgogoro umeupata bila kumleta adui.

Halafu kuna kasi. Aliyezoea kukimbia kwa hofu huchomoka na nguvu zote. Anaongoza mita 200 za mwanzo. Ikifika ya 500 mapaja yanakuwa mazito, mabega yanapanda kuelekea masikioni, hatua zinafupika, wenzake wanampita. Andika hayo, usiandike tu “alichoka”. Mazoezini, kocha ampe mita 200 mara 6, kila moja kwa sekunde 40, akitembea dakika 2 katikati. Akimaliza moja kwa sekunde 35, kocha asimsifu, amwambie amekosea. Kwa mtoto huyu, kujizuia ni kugumu kuliko kukimbia, na riwaya yako imo humo.

Mashindano 3 yanatosha kwa maneno 40,000. La kwanza aishiwe pumzi, la pili asukume mtu. La tatu si lazima ashinde: kupunguza sekunde 4 kwenye muda wake ni jambo kubwa, mradi msomaji anaujua muda huo tangu awali. Wala mbio zisimponye; kumkosa baba kubaki pale pale.

SWALI: Mhusika wangu anaazima viatu vya spaiki, vile vya mbio vyenye misumari chini, vilivyo vikubwa kwake. Inawezekana?

JIBU: Ndiyo, ila ataumia. Mguu utateleza ndani kwenye kona, malengelenge yatoke kisiginoni. Tena soli ya kisigino cha spaiki ni nyembamba kuliko ya raba, kwa hiyo kesho yake mashavu ya miguu yatamuuma hata kushuka ngazi.